Makombe ya Kuku wa Mwanaheri

Kaeni, wajukuu zangu, kaeni vizuri. Subira, mwachie mwenzako mkeka. Hapo kale, kale ya kale, jogoo alipokuwa bado anaomba ruhusa kabla ya kuwika, na kuku wote wakisema Kiswahili ila kwa lafudhi mbaya, palikuwa na mji wa pwani ukiitwa Kidazini.

Jambo la mwisho la kawaida kutokea katika nyumba ya Mzee Shebwana lilikuwa ugomvi. Mkewe, Mwanaheri, alimwambia jogoo mkubwa atoke jikoni. Jogoo akasema hatoki. Mwanaheri akamtoa kwa mwiko, akacheka, akaenda kulala. Hakuamka.

Sasa huko Kidazini kulikuwa na desturi. Kuku ni mali ya mke. Mke akifa, siku ya arobaini ndugu zake huja, huchukua yai moja na kuliviringisha kutoka kizingitini, kushuka ngazi, hadi uani. Likifika zima, mume ameweza kulea, kuku wanabaki. Likipasuka, wanarudi kwao marehemu. Na Shebwana hakutaka waende. Nyumba ilikuwa kimya mno, wajukuu zangu, na kuku hawanyamazi.

Taabu ni kwamba hakujua wanakula nini. Miaka yote yeye alikuwa akila mayai tu.

Akaanza na mtama mweupe, ule wa bei ghali. Wakala, wakanenepa. Wakala, wakanenepa. Yule jogoo mkubwa, jina lake Makeke, akawa anawika ameketi. Na mayai? Laini kama shavu la mtoto, ukiyashika yanabonyea. Mtama nao ukammaliza Shebwana, hata akauza kiti alichokuwa akikalia akiwaza cha kuwalisha.

Akageukia kitu rahisi: pumba tupu.

"Asubuhi pumba," akasema Makeke. "Jioni pumba. Mzee, sisi punda?"

"Punda hanisemi hivyo," akajibu Shebwana.

Mayai yakabaki laini. Ndipo akakumbuka kwamba mkewe alikuwa akitwanga makombe ya chaza kinuni. Akatwanga mengi, akayachanganya na pumba, akawamwagia wote, matetea na majogoo. Baada ya siku chache mayai yakawa magumu, ukiyagonga yanalia ngo. Shebwana akafurahi, na furaha yake ikadumu mpaka Alhamisi.

Alhamisi majogoo hawakuwika. Walisimama wamejikunja, mkono kiunoni, yaani bawa kiunoni, wakilalamika makombe yamewajaa figo. Basi Kidazini nzima ikalala. Mwadhini akalala. Mwoka mikate akalala. Jua lenyewe, nasikia, lilichungulia, likaona hakuna mtu, likarudi. Usicheke, Kheri, watu walikula chakula cha mchana gizani.

Akawatengea sahani mbili, yenye makombe na isiyo na makombe. Majogoo wakaiacha yao, wakaenda ya matetea.

"Mnafuata nini huko?" akauliza Shebwana.

"Tunataka kujua tunafichwa nini," akasema Makeke, mdomo umejaa.

Arobaini ikakaribia. Shebwana akachuchumaa mbele ya tetea mzee kuliko wote, Bi Kishungi, akasema, "Mama, Mwanaheri alikuwa akiwapa nini?"

"Umechelewa kuuliza, baba."

"Nauliza sasa."

"Chakula kimoja cha wote. Pumba za mahindi, mashudu ya nazi, na lile vumbi la dagaa linalobaki chini ya gunia. Vyote vya bei ya chee. Makombe aliyaweka pembeni, kigaeni. Anayetaga anajua mwili wake unadai nini, atakwenda kudonoa mwenyewe."

"Na majogoo?"

"Majogoo hawajui chochote. Ila makombe matupu yanawakwaruza koo, hawatayagusa."

"Nimesikia," akasema Makeke kutoka ng'ambo ya ua.

"Tulitaka usikie."

Akafanya hivyo. Majogoo wakanyooka, jua likarudi kazini, na siku ya arobaini Bi Mashavu, dada wa marehemu, akaja. Akachukua yai, akaliviringisha kutoka kizingitini, akashuka kando yake. Likagonga ngazi, likaruka. Likagonga ngazi, likaruka. Likatua kwenye kidole chake gumba cha mguu. Yai zima. Kilichovimba ni kidole.

"Shemeji," akasema Bi Mashavu, "hili ni yai?"

"Ni yai, shemeji."

Akaketi kwenye ngazi, akakishika kidole. "Nilitaka lipasuke. Nilitaka kitu chake kiwe kwangu." Kisha akauliza, "Alimpenda nani zaidi katika hawa?"

"Yule kipara. Hatagi. Mwanaheri alisema ndiye pekee anayemsikiliza mtu mpaka mwisho."

Bi Mashavu akainuka. Akachechemea kwenda kwake.

Funzo nalisema hapa, maana naona mnaanza kusinzia: kabla hujanunua cha bei ghali, muulize anayelishwa. Na kinachomfaa mmoja usiwatie wote mdomoni. Kiweke mahali anayekihitaji atakifikia.

Asubuhi iliyofuata, Shebwana alimwaga pumba, akajaza makombe kigaeni, akamkamata yule kipara, akamtia kapuni na kumpeleka kwa Bi Mashavu. Njia nzima alikuwa akimsimulia jambo kwa sauti ndogo, na kuku akasikiliza mpaka mwisho.

Kisa changu kimeingia bandani, nami nimefunga mlango.