Punda Aliyenusa Tu Maji

Paukwa, ninyi mliokaa mbele!
Pakawa!
Paukwa, na ninyi wazazi mlioegemea ukuta!
Pakawa!

Haya, fumbeni macho kidogo. Ioneni barabara ya vumbi inayopanda mlima. Ioneni pikapu ndogo, imelemewa na mitungi ya maji, inapanda taratibu. Kando ya njia watu wanabishana. Huyu anasema, "Yangu inabeba sana, ila inakula mafuta." Yule anasema, "Yangu hata hailambi. Inanusa tu." Mmeiona? Sasa iondoeni hiyo pikapu. Mahali pake wekeni mnyama. Maana ubishi huu ulianza kabla ya gurudumu.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na vijiji vyao, palikuwa na kilima kilichoitwa Mawemoto. Juu yake kulikuwa na majani. Kulikuwa na kivuli. Maji hayakuwapo. Maji yalikuwa mbali, ng'ambo ya uwanda mweupe unaochoma kwato. Na hata huko hapakuwa na mto. Palikuwa na ufa katika mwamba, ufa mwembamba, mdomo wa mnyama hauingii. Nyani ndiye aliyekaa hapo. Alishusha kibuyu kwa kamba, akakivuta, akakiziba. Kila tone liliingia kibuyuni, na kila kibuyu kilikuwa na mwenyewe kule kilimani.

Kilimani hapo aliishi Kanga, yule ndege mwenye madoa meupe. Jua la mwaka ule lilikuwa limemnyang'anya vifaranga wake mmoja mmoja. Alibaki na mmoja tu, jina lake Kidoa. Kidoa alikuwa na shingo nyembamba kama uzi, na neno moja tu kinywani.

"Mama, maji."

"Yanakuja, mwanangu."

"Yako wapi?"

"Yako njiani."

Lakini hayakuwa njiani. Mbebaji wa zamani alikuwa amezeeka, magoti yamekataa. Wanyama wakapiga mbiu: anatafutwa mbebaji mpya. Wakaja watatu. Akaja Nyati, mgongo mpana kama kitanda. Akaja Ngiri, mkia juu, mbio mbele. Akaja Punda.

Punda alitoka nchi iliyoungua. Kila kijiji alichofika aliambiwa, "Pita, mgeni, usisimame." Alikuwa amepita, amepita, mpaka amechoka kupita. Sasa, desturi ya Mawemoto ilikuwa hii: mbebaji wa maji si mgeni. Hupewa pa kulala chini ya jabali, na kila asubuhi jina lake huitwa pamoja na majina ya wenyeji. Punda aliposikia hayo, masikio yake yote mawili yalisimama wima.

Na desturi ya kuchagua mbebaji ilikuwa hii. Kila mmoja alifungwa vibuyu vya watu mgongoni, na shingoni akatundikiwa kibuyu kidogo cha maji, kibuyu cha njiani. Hayo ndiyo maji yake ya safari. Mbebaji akirudi, Nguchiro, mpimaji wao, alitumbukiza ufito katika kile kibuyu cha shingoni, akaona kilichobaki. Aliyebakiza mengi ndiye bora. Ndivyo walivyopima babu zao, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini.

Wakaenda. Wakarudi.

Wa kwanza kuonekana alikuwa Ngiri. Tifu-tifu-tifu, vumbi tupu! Alifika na vibuyu vichache, na nusu ya hivyo vimemwagika. Nguchiro akatumbukiza ufito. "Hm! Nusu umekunywa, nusu umemwaga. Baba, wewe umeleta nini, salamu?"

Wanyama wakacheka. Ngiri akakunja mkia, akaenda zake.

Akaja Nyati. Du! Du! Du! Mgongoni vibuyu vimejaa kila upande, hata kwato zinazama. Nguchiro akatumbukiza ufito, akautoa mkavu.

"Lo! Jamani! Umemaliza chote! Hilo ni tumbo au ghala?"

"Nimekunywa kwa sababu nilikuwa na kiu," alisema Nyati. "Tena tazama mgongoni. Nimeleta maji ya kijiji kizima. Mnapima shingo, mbona hampimi mgongo?"

"Sisi tunapima kama walivyopima babu zetu," alijibu Nguchiro.

Akaja Punda. Ko-ko-ko. Ko-ko-ko. Polepole. Mgongoni ana mzigo wa kadiri, si mkubwa, si mdogo. Nguchiro akatumbukiza ufito. Akautoa. Akautazama. Akautumbukiza tena.

"Kimejaa," alisema kwa sauti ndogo. Kisha akaruka juu. "Kimejaa! Huyu hanywi! Huyu ananusa tu!"

Kilima kikalipuka kwa shangwe. Wakaimba, na ninyi niimbieni:

*Nyati anakunywa, glu, glu, glu!*
*Punda ananusa, ananusa tu!*

Kanga hakuimba. Alikuwa amesimama karibu na mguu wa Punda, chini kabisa, na kutoka chini aliona kitu ambacho waimbaji hawakukiona. Punda alikuwa ameinamisha kichwa, na alikuwa analamba jiwe. Lilikuwa jiwe kavu, ila lilikuwa kivulini, na lilikuwa na ubaridi kidogo. Ulimi wake ulikuwa mweupe kama chaki.

Nyati naye aliuona ulimi ule. Akasema, "Ndugu zangu, mnyama anayebeba hunywa. Asiyekunywa anaficha."

"Wivu huo!" alijibu Nguchiro. "Bi Kanga, hebu mwambie. Wewe ndiye mwenye kifaranga anayelia kiu. Tumchukue anayekunywa maji yetu, au anayenusa?"

Wote wakamtazama Kanga. Kanga akafungua mdomo. Mbawani mwake Kidoa akasema, "Mama, maji." Kanga akaona vibuyu vya Punda, vimejaa, vimekaa kimya, kwa maana kibuyu kilichojaa hakipigi kelele.

"Tumchukue anayenusa," alisema Kanga.

Nyati akatikisa kichwa. Akashuka upande wa pili wa kilima, akaenda nchi nyingine, na hakurudi tena kilimani.

Asubuhi iliyofuata majina ya wenyeji yakaitwa. Nungunungu! Yupo. Nguchiro! Yupo. Kanga! Yupo. Punda! Punda akainua kichwa. "Yupo," alisema. "Punda yupo."

Basi akabeba. Ko-ko-ko kwenda, ko-ko-ko kurudi. Kidoa akanywa, shingo yake ikanenepa kidogo. Akajifunza neno la pili, kisha la tatu. Mchana alikimbia huku na huku, kekeke, kekeke. Jioni kila mkaaji alipewa kata ya maji, na Punda pia alipewa yake. Lakini Punda alikunywa funda dogo, akaiweka kata chini mbele ya watu, ili waone.

"Inanitosha," alisema. "Mimi nanusa tu."

Kidoa akaikimbilia ile kata, akainywa yote. Kanga aliona. Angeweza kusema, "Rudi, mwanangu, hayo ya mwenzio." Hakusema.

Siku moja Nguchiro alikuja na wazo. "Jamani, kibuyu cha njiani kinarudi kimejaa kila siku. Kinatalii tu shingoni! Asiyekunywa, kibuyu cha nini? Tukiongeze kwenye vibuyu vya watu."

"Haki kabisa!" walisema wanyama.

Kanga alimfuata Punda pale chini ya jabali. Punda alikuwa amelala ubavu, mbavu zake zinahesabika.

"Ndugu yangu Punda," alimwita. "Wewe huna kiu?"

"Kiu? Mimi?" Punda alicheka, na kicheko chake kilikwaruza kama mchanga. "Bi Kanga, unanitania. Kila mtu anajua mimi sinywi."

"Kila mtu anajua. Nakuuliza wewe."

Punda akageuza uso, akatazama uwanda. Kisha akasema, "Huko nilikotoka nilikuwa nakunywa kama wengine, na nikafukuzwa kama wengine. Hapa wananiimbia. Nikinywa, Bi Kanga, wataniimbia nini?"

"Nitasema nao. Kesho nitasema nao."

"Usiseme," alimsihi Punda. "Naomba usiseme. Watamtafuta mwingine."

Kanga alirudi kwenye kiota chake. Kidoa alikuwa amelala, tumbo limejaa, mdomo bado una unyevu. Kanga akamtazama mwanawe. Akajiambia, mwenyewe kaniomba nisiseme. Akalala.

Na kesho yake hakusema. Na keshokutwa hakusema.

Ikafika siku ya jua lile ambalo wazee huliita jua la utosi. Punda alikwenda asubuhi. Kivuli kikawa kifupi, kikarefuka tena, Punda hajarudi. Wanyama walikaa juu ya mawe, wanatazama uwanda.

"Anachelewa makusudi," alisema Nguchiro. "Amejua kwamba tunamhitaji, sasa anaringa."

Kanga hakungoja. Akamwacha Kidoa kwa Nungunungu, akashuka. Akakimbia juu ya ule mchanga, kichu-kichu-kichu, vidole vinaungua. Akamkuta katikati ya uwanda. Punda alikuwa amepiga magoti ya mbele, ya nyuma bado yamesimama, kama anayesali. Hakuwa ameuangusha mzigo. Alikuwa ameushusha taratibu, ameuegemeza kwenye jiwe, usimwagike.

"Punda! Punda, ndugu yangu!"

Jicho lake moja likafunguka. "Bi Kanga. Usiniite kwa nguvu. Nimepumzika tu."

Kanga akadonoa kizibo cha kibuyu. Akadonoa, akadonoa, mpaka kikatoka. "Kunywa!"

"Hicho ni cha Nungunungu."

"Kunywa, Punda!"

"Kikipungua, Nguchiro atapima."

"Mwache apime! Kunywa, baba, kunywa, nakuomba!"

Akakiinamisha kwa mabawa yake yote mawili. Maji yakamwagika juu ya ulimi ule mweupe. Ulimi haukutikisika. Maji yakatoka pembeni mwa mdomo, yakaingia mchangani, ssss, yakapotea. Kanga akamwagia tena. Yakatoka tena. Koo lilikuwa limesahau kazi yake.

"Yamefika?" aliuliza Punda.

"Yapi, ndugu yangu?"

"Maji. Kilimani."

Kanga alitazama kilima kule mbali. "Yamefika," alisema. "Yamefika yote. Wanakuimbia."

Sikio moja la Punda lilisimama, likisikiliza. Kisha likalala. Na yale magoti ya nyuma yakalala nayo.

Wanyama waliposhuka walimkuta Kanga amekaa juu ya shingo ya Punda, amemfunika jicho kwa bawa, jua lisimchome. Nguchiro, kwa mazoea tu, alitumbukiza ufito katika kibuyu cha kwanza. Kimejaa. Cha pili, kimejaa. Cha tatu, kimejaa. Alipofika cha nne alisimama, akautazama ule ufito kama vile hajauona maishani, akaanza kulia.

"Alinusa," alisema. "Jamani, kumbe kweli alinusa tu."

"Hakunusa," alisema Kanga. "Alikuwa na kiu. Mimi nilijua."

Wakamzika pale pale uwandani, kwa sababu hapakuwa na aliyeweza kumbeba aliyewabebea wote. Wakatuma mjumbe kwa Nyati. Nyati akajibu, "Nawapa pole. Huku nanywa." Hakuja.

Tangu siku ile kila mnyama wa Mawemoto alijiendea mwenyewe kwa Nyani, na kibuyu chake mwenyewe. Wengine walifika. Wengine hawakufika. Kanga alijifunga kibuyu kidogo mgongoni, akatoka alfajiri na kurudi jua linatua. Safari yake ya kwanza alijaza mpaka juu. Katikati ya uwanda alikunywa. Mbele kidogo alikunywa tena. Hakuweza kujizuia. Alipomfikia Kidoa, kibuyuni yamebaki matone, yanacheza cha-cha, cha-cha.

"Mama," aliuliza Kidoa, "mbona haya ni machache? Punda alileta mengi."

Kanga akatua kibuyu. Akamkumbatia mwanawe, akamwaga yale matone mdomoni mwake, moja, jingine, jingine, hadi la mwisho. Ndipo alipojua njia ile inakunywa kiasi gani, na ni nani aliyekuwa akiilipia.

Wanangu, na ninyi wazazi wao, mafunzo ya hadithi hii ni haya. Mbebaji wa gharama ndogo si yule asiyekula chochote. Hakuna mzigo unaosafiri bure. Usipoulipia wewe, anaulipia aliye chini yake. Tena anayeijua kiu ya mwenzake akanyamaza kwa sababu ya faida yake, ameshika ufito pamoja na wapimaji.

Hadithi yangu imefika hapa, na hapa inatua mzigo wake.

Nawaomba mkumbuke jambo moja tu. Akija kwenu aliyewabebea, awe mzazi, awe ndugu, awe mnyama wa zizini, msimwulize kwanza ameleta nini. Mpeni maji, mkae naye, mngoje mpaka ameze.