Mkwe Aliyejipanga na Majirani

Kulikuwa na fundi mmoja wa kuchomelea mageti aliyekaa na mwanamke miaka tisa bila ndoa. Walipendana, hilo niwaambie mapema, msije mkamchukia bure. Shida yake ilikuwa moja: hakujua amwite nani. Kwa mwenye nyumba alimwita "mwenzangu." Kwa mafundi wenzake, "huyu ninayekaa naye." Kwenye simu alimwandika "Nyumbani." Mnacheka? Ngojeni kwanza.

Mama wa yule mwanamke akafariki. Asubuhi ya maziko mwanamke akamwambia, "Wakimaliza kufukia wataita watu kwa makundi waweke mashada. Wakiita wakwe, uinuke."

"Nitainukaje, na sijaleta hata barua ya posa? Wazee watanionaje?"

"Sikuombi harusi leo. Naomba uinuke tu. Usipoinuka, mimi nitabaki huku kwetu, wewe urudi peke yako."

Basi kaburi likafukiwa. Mjomba wa mwanamke, aliyeshika kipaza sauti, akaita watoto, wakaweka. Akaita wajukuu. Akaita wakwe. Wakatoka wanaume wawili wenye ndoa zao. Fundi wetu akaangalia viatu vyake. Mwanamke alikuwa upande wa pili wa kaburi, anamtazama yeye tu. Wewe ungeinuka? Usijibu haraka.

Mjomba akaita majirani. Hapo ndipo fundi akainuka, tena upesi, akajipanga nyuma ya muuza mkaa. Mwanamke akajifunika uso kwa khanga yake.

Mjomba akamwona. "Wewe, toka kwenye mstari huo."

Fundi akatoka mstarini, kichwa chini. Alijua anafukuzwa mbele za watu.

"Dada yangu alipovunjika nyonga," mjomba akasema, "ni jirani gani aliyembeba mgongoni kila Jumatatu kumpeleka zahanati? Barua utaleta, na usichelewe. Lakini wakwe bado hawajaisha, na mimi siwezi kuendelea mpaka waishe."

Fundi akapita mbele, akaweka shada huku analia kama mtoto. Siku ile walirudi nyumbani pamoja, na mwezi haukuisha kabla barua haijafika kwa mjomba.

Sasa, ndugu zangu, najua mlichokuwa mnangoja. Mlitaka niwaseme wanaokaa bila ndoa, na wengine mmeshageuka kumtazama mtu. Ndoa ni njema, na kwa waliochelewa, ofisi ya mchungaji iko wazi. Lakini leo nasema na sisi wenye vyeti ukutani.

Tumekaa na Mungu miaka mingapi? Anatulisha, anatuamsha, tukiugua tunamlilia yeye. Haya, kazini wakikuuliza, "Huyo Mungu ni nani wako?" unajibuje? "Aa, nasalisali tu." Mbele ya bosi unamwita kwa mafumbo. Mbele ya rafiki zako wa mjini humwiti kabisa. Si kwamba hatumpendi. Nawafahamu, mnampenda. Tunaona aibu tu, tunajiambia hatujakamilika, kwa hiyo tunakwenda kujipanga na majirani, na yeye anatutazama.

Naomba tusimame tuombe. Na leo siiti majirani. Naita watoto wake.