Gegedu la Ng'ombe wa Mkokoteni

Nina watu watatu na ajira moja, na ajira yenyewe iko mkononi mwa profesa, kwa hiyo msitarajie maajabu.

Halako alikuwa na jicho. Miaka kumi na minane ya kubeba nyama machinjioni ilimfundisha kutazama goti tu akajua yupi ni ng'ombe wa zizini na yupi wa mkokoteni. Maabarani kwa profesa, walikotaka kuotesha gegedu jipya, alipeleka goti la ng'ombe wa mkokoteni. Gegedu la huyu, ule mfupa laini wa kwenye viungo, alisema, limezoea shida.

Mutinda, fundi cherehani, alikuwa na mkono. Kwa mota kuukuu aliunda mashine ya kubana seli za gegedu lile na kuziachia, kama mtu anayetembea. Seli hizo hazifikiwi na damu wala neva. Zikibanwa, vijilango kwenye utando wake hufunguka, nazo huanza kufuma ute mgumu unaobeba uzito wa mwili. Zisipobanwa hulegea kama mabosi.

Wakesho alikuwa na subira, maana first class ya biolojia ilimpa miaka mitatu ya kujitolea bila mshahara maabarani humo, eti exposure. Profesa aliagiza mashine isizimwe hata dakika. Alidhani seli ni wafanyakazi wake. Zikaanza kufa. Wakesho akawa anaizima kwa siri: zibanwe kwa saa moja, zipumzike kwa saa nane. Wiki ya sita, gegedu jipya lilibonyezwa likarudi lilivyokuwa.

Profesa akapiga picha nalo, akahutubia bila kutaja jina la mtu. Kisha akamtupia Wakesho fomu ya nafasi moja ya kudumu.

"Jaza jina lolote, my dear, nimeshasaini. Nina flight."

Jina lolote! Hata kuchagua kulimchosha.

Mutinda alikuwa ameegemea mlango. "Dada, bila mashine yangu seli zako zingekuwa uji."

Halako alipapasa goti lake mwenyewe, lililosagika hadi mfupa. "Mwanangu, nikibeba nusu ng'ombe tena, sitainuka."

Wakesho akaiweka fomu mezani. Kule kwao Wundanyi mama yake alishawatangazia majirani kwamba binti kaajiriwa. Na ni nani aliyekaidi amri, seli zikapona? Akaishika kalamu. Herufi ya kwanza ilikataa kutoka.

Haya, ninyi hodari wa kuhukumu mkiwa mmekaa: kalamu ingekuwa yenu, mngeandika jina la nani, na wale wawili mngewatazamaje machoni?