Kwa Nini Nyemela Hujifukia Mchangani

Nyemela aliponimeza nilipiga yowe, nikapanda juu ya kochi na viatu vyangu, na ile rimoti ya gemu ikatua kwenye bakuli la maharage. Mimi, niliyetoka kujisifu kwamba nimevuka bahari nne bila kutapika! Jirani akachungulia dirishani, mwiko mkononi, akitafuta mwizi.

"Hamna mwizi, Bi Mwanakheri," alisema Salha, mtoto wa dada yangu. "Ni Mjomba. Kaliwa na samaki wa kwenye runinga."

Bi Mwanakheri akaingia, akacheka mpaka akakaa chini. Mtu mzima akishaumbuka hivyo hana pa kukimbilia ila kwenye hadithi. Basi nikafuta rimoti, nikawaeleza kwa nini yule mnyama hujifukia mchangani kabisa, akimvizia kila mpiga mbizi anayepita.

Zamani hizo, bahari ya mle ndani ya gemu ilikuwa na mwanga hadi chini, na Nyemela aliogelea peupe kama wenzake. Hakuwa na jino hata moja. Alikuwa na kinywa kipana, chenye vuguvugu, na kinywa hicho ndicho kilichokuwa kimbilio la bahari nzima. Kila mkondo wa baridi ulipopanda kutoka shimoni, akina mama waliwaingiza watoto wao mle, wakaenda kujishikiza miambani. Ukishapita, kila mama alirudi akamgonga taya, naye akafungua. Sharti lilikuwa moja tu: asifungue mpaka agongwe kwa nje. Kwa ndani watoto hugonga ovyo, kwa utundu.

Siku moja ukaja mkondo ambao haukuwa umewahi kuonekana. Akina mama waliwaingiza watoto mbiombio, Nyemela akamtia na mwanawe wa pekee, akafumba. Miamba iling'oka. Akina mama wote wakazolewa, yeye asijue, maana alikuwa amekita kichwa mchangani ili naye asichukuliwe.

Maji yakatulia. Akangoja. Kwa ndani watoto wakagonga. Akatabasamu, akidhani wanacheza. Wakagonga sana. Akaona aibu kuvunja sharti la bahari nzima kwa ajili ya michezo ya watoto. Kisha kugonga kukapungua, akabaki mmoja tu, polepole, na Nyemela aliijua ile namna ya kugonga. Alikuwa wake. Kisha mtoto huyo naye akanyamaza.

"Wamelala," Nyemela akajiambia.

Mchanga ukamfunika. Hakuna aliyekuja. Kwa kukaza taya muda wote huo, akaota meno.

Na tangu siku hiyo Nyemela yumo mchangani. Akisikia kitu kinapita juu yake hudhani ni mtoto aliyesahaulika nje kwenye baridi. Humdaka, humwingiza, hufumba upesi. Hatazami ndani. Anawangoja mama zao.

Hapo hata Bi Mwanakheri alikuwa ameulaza mwiko mapajani. Nikaona nimewaharibia Jumapili yao, nikajaribu kuchangamsha baraza.

"Haya Salha, nirudishe chini baharini. Safari hii simkimbii. Nitamgongea taya kwa nje, taratibu, kama mama mwenye adabu zake."

Salha alininyang'anya rimoti, akazima gemu.

"Usimgongee, Mjomba. Itabidi awatoe."