Kipya Hufungwa Nyuma

Kipya hufungwa nyuma. Asubuhi mmenisikia nikimwambia hivyo mwenzenu aliyenuna kwa kupangwa beki, na sasa mnataka kujua nimeitoa wapi. Methali hii msiwasingizie wahenga. Ilianzia hapa hapa Soni, kwenye banda langu la kuziba pancha, na aliyetuletea ni dada yangu Mwanahoza. Nitawasimulia kwa kujivuna, na mnivumilie, maana dada ni wangu.

Baba yetu mkubwa, Mzee Shekalaghe, alikuwa na gari jeupe aina ya Pijo, na Mwanahoza ndiye aliyekuwa akimwendeshea. Miaka ile mwanamke akishika usukani kwenye milima hii, watu walitoka madukani kumtazama. Mzee alimpa kazi baada ya madereva watatu kumharibia gari, na hakukosa kumkumbusha kwamba funguo zile ni za kuazima.

Mtoto wa Mzee alikuwa anaoa Mlalo. Siku moja kabla ya kwenda kumchukua bibi harusi, tairi la mbele la kushoto lilipasuliwa ubavuni na jiwe. Pancha ya ubavuni haizibiki. Nililigeuza mara mbili, nikamwambia Mzee aliage.

"Basi, Singano, funga manne mapya," alisema. "Sitaki wakwe wanione fukara."

Mwanahoza alichuchumaa, akatoa njiti ya kiberiti, akaichomeka kwenye mifereji ya kila tairi. Kwenye matairi ya nyuma njiti ilizama vizuri. Lile lililobaki mbele lilikuwa kipara, njiti haikupata pa kusimama.

"Baba mkubwa, mawili yanatosha," alisema. "Ya nyuma bado mazima. Kuyatupa ni kufuru."

Mzee alikubali. "Haya, mawili. Yafungwe mbele, palipoharibika."

"Hapana, Baba mkubwa. Haya ya nyuma yaje mbele. Mapya yaende nyuma."

Nilicheka, siwafichi. Nilikuwa na miaka kumi na moja katika kazi hiyo, na mapya nilikuwa nayafunga mbele, kama alivyonifunza fundi wangu. Tena kulikuwa na jambo jingine. Gari la harusi likifika kwa wakwe, akina mama wa kule walikuwa wakiziba njia kwa khanga zao na kulikagua uso wake: taa, boneti, matairi ya mbele. Wakiona kasoro, wanaitungia wimbo papo hapo. Nyuma ya gari hakuna aliyekwenda kutazama.

"Unataka niimbwe?" Mzee aliuliza.

"Usukani uko mbele, Baba mkubwa. Mbele pakiteleza, mikono yangu ipo. Nyuma pakiteleza, nani atapashika? Hakuna usukani wa nyuma."

Mzee alimnyoshea kidole. "Sawa. Ila nikiimbwa, harusi ikiisha funguo utaziweka mezani. Nitampa Mhina."

Mhina alikuwa jirani yetu, naye alikuwa na gari lake. Wiki ile ile nilikuwa nimemfungia mapya mawili, mbele, yaking'aa kama viatu vya Idi. Mwanahoza alijua kwamba mkataba ule si mzuri kwake. Kazi ile alikuwa ameitafuta kwa miaka mitano, akiwa utingo kwenye lori la mboga, akilala juu ya magunia. Aliitikia tu, "Sawa, Baba mkubwa," akaniinulia jeki. Nilifunga matairi yote manne upya, huku nikinung'unika kwa kazi maradufu.

Mlalo waliimba, tena kwa vigelegele: gari la bwana harusi limekuja na viatu vya mwaka jana. Wakamsifu Mhina, aliyekuja nyuma yetu na gari lake, kwa viatu vyake vipya. Mzee alikasirika, akakataa kurudi kwenye gari lake mwenyewe. Alipanda kwa Mhina, na mimi nikapanda naye. Mwanahoza alimpakia bibi harusi na shangazi zake, akatangulia bila kugeuka.

Mvua ilitukuta kwenye mteremko, na mnaujua udongo wetu mwekundu ukinywa maji. Kwenye kona moja lori la kabichi lilikuwa limesimama, limeziba nusu ya njia. Niliiona Pijo ikipunguza mwendo, pua yake ikateleza kidogo kuelekea bondeni, halafu ikarudishwa taratibu, ikapita. Mkia wake haukutikisika.

Mhina naye alikanyaga breki. Matairi yake ya mbele yaling'ang'ania njia vizuri sana, lakini nyuma, kwenye matairi ya zamani, pakatuacha. Gari lilizunguka, likatazama Mlalo tulikotoka, kisha likakaa kwenye mtaro wa upande wa mlimani. Hakuna aliyeumia. Lingezunguka kwa upande wa pili, wa bondeni, leo nisingekuwa hapa kuwasimulia.

Mwanahoza alisimamisha gari mahali salama, akaja kwa miguu kutuvuta kutoka mtaroni. Hakutukumbusha habari ya matairi, na nilimheshimu kwa hilo kuliko kwa udereva wake. Mzee, kanzu imejaa tope, alikwenda moja kwa moja nyuma ya Pijo. Aliinama, akashika tairi moja, akakaa hivyo huku mvua inamnyeshea. Kisha akamtazama bibi harusi kupitia kioo cha nyuma.

Tulifika nyumbani tumebanana sote ndani ya Pijo. Ngoma zilianza, chakula kikaliwa. Harusi ilipokwisha, Mwanahoza aliingia sebuleni, akaziweka funguo mezani mbele ya wazee wote. Ahadi kwake ilikuwa ahadi.

Mzee alizichukua. Akasimama, yeye ambaye hakuwahi kumsimamia mtu mdogo kwake kwa umri, akamrudishia kwa mikono miwili.

"Si za kuazima tena," alisema. Kisha akawageukia wakwe waliokuja harusini, akina mama wale wale wa nyimbo. "Mlilitazama gari langu usoni, nami nilitazama huko huko. Mtoto huyu peke yake ndiye aliyetazama pale ambapo tungeangukia, akapawekea kilicho bora. Mwiteni mwali wenu mumuulize amefikaje. Kipya hufungwa nyuma."