Jina la Mtoto wa Zaituni

Wenye simu zilazeni kifudifudi, wenye masikio yaleteni karibu. Nina kesi hapa imenishinda kuamua, nami sitaki kubaki nayo peke yangu.

Katika mji mmoja mdogo wa barabarani, kule kwenye mashamba ya mkonge, palikuwa na wanawake watatu, na kila mmoja alijaliwa lake.

Mwanamvua alijaliwa maneno. Akiandika rambirambi, hata asiyemjua marehemu alitoa machozi.

Shufaa, msusi, alijaliwa watu. Alianza kwa kupiga picha vichwa alivyosuka na kuviweka mtandaoni, na kwa ucheshi wake ukurasa ukafikisha wafuasi elfu arobaini. Mji wenyewe hauna watu nusu ya hao.

Mwalimu Hidaya alijaliwa kumbukumbu. Hakumsahau mtu aliyewahi kukutana naye, na wote aliwahifadhi katika makundi ya simu: la chuo alikosoma, la ukoo, la kina mama wa mtaani, la wazazi wa shule anayofundisha.

Na palikuwa na Zaituni, fundi cherehani, mdogo wake Mwanamvua, mwandani wa Shufaa, jirani wa Mwalimu Hidaya. Huyu alijua kunyamaza. Kwa miaka kumi na mitatu alikuwa amelinyamazia jambo moja. Akiwa na umri wa miaka kumi na sita alizaa mtoto wa kike, na mama yake, Bi Mwatumu, akamtwaa kichanga na kumlea kama kitinda mimba wake mwenyewe. Mtoto huyo, Tausi, alikua akimwita Bi Mwatumu mama na Zaituni dada. Waliojua ukweli ni mama mtu na mabinti zake wawili, basi. Semkiwa, mume wa Zaituni, hakujua. Zaituni aliazimia kumwambia wakati wa posa, akaogopa. Akaazimia kumwambia baada ya ndoa, akaogopa zaidi. Mwaka wa nne wa ndoa akashika mimba.

Alijifungua asubuhi, mtoto wa kike, mzima. Lakini damu haikukata. Ilipofika saa nne, daktari aliwaambia ndugu kwamba kundi lake ni O hasi, ambalo ni adimu, na kwamba damu iliyoagizwa kutoka mkoani ingefika jioni. Kama Zaituni angeifikia hiyo jioni, hakuweza kuahidi. Ndugu wote walipimwa, Semkiwa akapimwa, hakuna aliyelingana naye. Bi Mwatumu akashika chuma cha kitanda na kuweka nadhiri mbele ya wote: atakayemrudisha mwanangu, mjukuu wangu huyu ataitwa kwa jina lake.

Mwanamvua aliandika kwanza ujumbe wa mstari mmoja, damu O hasi inahitajika haraka, akautuma kila alikoweza. Alijibiwa kwa pole nyingi na vile vialama vya mikono ya dua. Hakuna aliyenyanyuka. Ndipo akaketi kwenye benchi la korido, akaandika kwa namna aliyojaliwa. Aliandika habari za msichana wa miaka kumi na sita aliyezaa akavuja damu vivi hivi, akanusurika, akamwachia mama yake mtoto aitwaye Tausi, akawa anamshonea gauni kila Idi huku akiitwa dada, na leo yu kitandani anakufa bila kuwahi kuitwa mama. Aliandika huku analia. Hakurudia kusoma, akamtumia Shufaa.

Shufaa aliona kwamba maneno yasiyo na sura watu huyapita. Akaingia wodini, akampiga picha Zaituni asiyejitambua, kinywa wazi, kanga imemtoka begani. Muuguzi akamkemea aweke simu, lakini picha ilikwishapatikana. Akaiweka ukurasani pamoja na maneno ya Mwanamvua, yote, na majina yote. Saa moja haikuisha, maelfu walikuwa wameiona. Wengi waliomba dua. Wachache walikuwa wameshaanza kuuliza baba yake Tausi ni nani.

Habari hiyo ilimkuta Mwalimu Hidaya shuleni. Aliisambaza katika makundi yake yote kumi na tisa bila kuchagua, kwa kuwa mgonjwa hangoji. Kisha akatulia, akakumbuka. Chuoni palikuwa na kijana, Mahimbo, aliyezoea kulalamika kwamba kila siku ya kuchangia damu huandamwa yeye, kwa kuwa damu yake ni O hasi. Akaitafuta namba, akampigia. Mahimbo sasa ni fundi mitambo kiwandani, mwendo wa saa nzima kwa pikipiki. Alikuja na vumbi mpaka kwenye kope.

Akatoa damu, ikapimwa, ikaingia kwa Zaituni, nayo ikamvusha mpaka gari la mkoani lilipofika na nyingine. Mahimbo hakuficha kitu. Alisema asubuhi aliuona ule mstari mmoja akaupita. Mchana yale maneno yalimfanya asite, ile picha ikamfanya aache chakula, lakini bado alikuwa akiwaza kazi yake, ndipo simu ya Mwalimu ikalia. "Kimoja kingepungua, mama," alimwambia Bi Mwatumu, "nisingekuja." Alipoelezwa habari ya nadhiri alicheka, akasema mtoto wa kike hawezi kuitwa Mahimbo, jina apewe aliyemleta yeye. Akapanda pikipiki yake akaenda.

Zaituni alizinduka kesho yake. Alimwona kwanza mtoto, kisha mumewe kasimama dirishani, kampa mgongo, na kwa jinsi mgongo ule ulivyokakamaa alijua kwamba kuna jambo. Semkiwa hakupandisha sauti.

"Watu elfu arobaini walijua kabla yangu," alisema.

Kisha Semkiwa akamfunika mtoto vizuri, akaondoka kwenda kwa kaka yake Korogwe. Salamu anatuma, na nguo za mtoto. Mwenyewe haji.

Na picha nayo ilikuwa na safari zake. Shufaa aliifuta siku ya tatu, alipoombwa, lakini kufuta kwako hakufuti kwa mwenzio. Mtu wasiyemjua aliiandikia mzaha juu yake, "Dada Mama," akaituma upya bila habari yoyote ya damu. Wanawake waliokuja kumpa pole walimtazama Zaituni begani, mahali kanga ilipokuwa imeteleza, wakasahau pole waliyoileta.

Siku ya saba ikafika, siku ya jina. Bi Mwatumu akasema nadhiri ni deni, akawaita wale watatu.

Mwanamvua alisema kwamba bila maneno yake watu wangeendelea kutuma dua na mdogo wake angekuwa kaburini. Shufaa alisema maneno yale yangelala kwenye simu ya Mwanamvua kama yasingepata sura na watu wa kuyasoma. Mwalimu Hidaya alisema watu maelfu walisoma na kulia, na hakuna hata mmoja aliyekuja ila yule aliyemkumbuka yeye. Hakuna aliyesema uongo. Zaituni alikuwa ananyonyesha. Alitaka kuwaangukia miguuni awashukuru, na alitaka kuwafukuza nyumbani kwake, na yote mawili yalitoka moyoni mle mle. Akanyamaza.

Ndipo Tausi akaingia. Alikuwa hajasema na mtu tangu siku ile darasani, wenzake walipomsomea habari zake kwa sauti, maana kundi la wazazi wa shule yake lilikuwa mojawapo ya yale kumi na tisa. Aliwaamkia wote shikamoo, kama alivyofundishwa.

"Kati yenu ninyi watatu," akauliza, "nani alikumbuka kwamba mimi najua kusoma?"

Hata mwenye kumbukumbu aliinamia simu yake. Tausi akamgeukia Zaituni. Alifungua kinywa kumwita, akakosa la kumwita, akauliza hivyo hivyo. "Na wewe, ungeniambia lini?"

Zaituni angeweza kumdanganya. Akasema, "Sijui, mwanangu." Ilikuwa mara yake ya kwanza kumwita mwanangu, na Tausi akatoka nje akilia.

Basi nadhiri iko palepale, na mtoto hana jina. Wapo wasemao jina ni la Mwanamvua, wengine Shufaa, wengine Mwalimu. Wapo wasemao asipewe jina la yeyote kati yao, nadhiri ivunjwe. Lakini Zaituni yu hai, mtoto ananyonya, na aliyewafanyia hayo ni mmoja wa watatu hao, au wote.

Mimi nimeshindwa. Niambieni ninyi: jina ni la nani? Na lawama, mwaipeleka kwa mwenye jina au kwa mwingine? Na wewe unayenitazama kana kwamba jibu ni jepesi: ungekuwa kwenye benchi lile la korido, simu mkononi, nduguyo anavuja damu na mstari mmoja haukumleta mtu, je, ungeandika nini?