Mafua ya Kichuguuni

Paukwa!

Pakawa!

Wa nyuma sijawasikia, au mmekuja kulala? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, katika kichuguu kikubwa, palikaa ukoo wa nguchiro. Jirani zao walikuwa ngiri wa mashimoni na hondohondo wa mitini. Walitafuta riziki pamoja. Ngiri wakifukua, wadudu wanatoka, kila mtu anakula. Nguchiro wakishiba, wanawatoa ngiri kupe. Hondohondo wanaruka juu na kupiga domo.

Nguchiro walikuwa na desturi ya zamu. Wengine wakila, mmoja anapanda kichuguuni, anasimama kwa miguu miwili, anatazama mbinguni. Akimwona mwewe analia: kwe, kwe, kwe. Wote shimoni, pu.

Fundi wa zamu alikuwa Bi Mrashi. Mwewe akiwa bado kijidoa tu, yeye keshamwona. Na Bi Mrashi alikuwa na mwana mmoja, Kombo, mwepesi wa miguu, mcheshi, hamalizi sentensi bila kucheka. Mwezi ukiandama Kombo angeshika zamu yake ya kwanza. Bi Mrashi alikwisha kumwambia kila mwenye masikio.

Basi akaja Nyegere, akachimba shimo bondeni. Alikuwa na kibuyu cha asali, lakini asali iliyochacha, kali, inayopanda kichwani. Mchana jua likiwaka, wakubwa wote hulala. Wakubwa wakilala, Nyegere hukaa mlangoni, huwaita vijana kwa majina. Njoo Kombo, onja, kidogo tu. Akanywa: gubu, gubu, gubu. Kesho wakaja wawili. Keshokutwa wakaja sita.

Kombo akaanza kurudi nyumbani macho mekundu, akiyachekea mawe. Halafu hata kucheka akaacha. Asubuhi anatetemeka, akiitwa hageuki. Bi Mrashi akamnusa mdomo, akasikia harufu ya asali chachu. Moyo ukampasuka.

Je, alisema? Thubutu. Mama Ngiri alipouliza mtoto ana nini, alijibiwa ni mafua. Mama Ngiri akasema hata binti yake ana mafua. Baba Hondohondo akasema ajabu, na wa kwake pia. Jirani wote wana mafua, na hakuna aliyepiga chafya hata mmoja.

Mwezi ukaandama. Kombo akapanda kichuguuni kushika zamu. Akayumba huku, akayumba kule, macho lepe, lepe. Chini watu wanakula bila wasiwasi, maana zamu ipo. Mara mwewe huyo, anashuka. Kombo akamwona, akacheka.

Bi Mrashi ndiye aliyelia kwe, kwe, kwe. Wote shimoni, pu. Yeye akapanda mbio, akamkamata mwanawe kwa ngozi ya shingo, wakaviringika hadi ndani. Mwewe akaondoka na manyoya ya mkia wa mama.

Mle shimoni walibanana, nguchiro, ngiri, hata Baba Hondohondo na mdomo wake mrefu. Akasema polepole, "Mafua ya Kombo ni makali."

Bi Mrashi alikuwa bado anahema. "Si mafua," akasema. "Mwanangu anakunywa asali ya Nyegere. Nimejua tangu mwezi uliopita, nikaficha kwa aibu. Leo nusura tuishe wote."

Kisha Mama Ngiri akasema wa kwake pia. Baba Hondohondo akakohoa, akakiri kwamba juzi mwanawe alianguka kutoka tawini, naye akawaambia watu ni upepo.

Basi wakatoka kwa hasira kwenda kumfukuza Nyegere. Wakamwuma, wakamdonoa, wakampiga pembe. Nyegere ana ngozi nene, nyote mnajua. Akajikuna, akawashukuru, akasema hapo ndipo palipokuwa panamwasha. Wakabomoa shimo lake. Kesho yake alikuwa na jingine.

Bi Mrashi akarudi amechoka. Akakaa karibu na Kombo. Safari hii hakumgombeza. Akamuuliza kwa nini huenda kule.

"Mchana nyote mnalala, mama," Kombo akasema. "Yeye peke yake yuko macho, na ananiita kwa jina langu."

Lilimchoma hilo. Miaka yote anatazama mbinguni, na mwanawe anapotelea chini.

Akaenda kwa jirani zake, akawaeleza. Wakaanzisha zamu ya mchana. Kila siku watatu hawalali, mmoja kutoka kila nyumba. Mama Ngiri akafundisha mieleka kwenye tope. Baba Hondohondo akapiga gogo kwa mdomo, tiko-tiko, tiko-tiko, vijana wakacheza hadi vumbi likatimka. Na wakakubaliana: mtoto yeyote akielekea bondeni, anayemwona amwite kwa jina, hata kama si wa kwake.

Msidhani ilikuwa rahisi. Mara mbili Kombo alitoroka. Mara zote mbili aliyemfuata alikuwa Mama Ngiri, akatembea naye ubavuni mpaka nyumbani, bila neno. Mara ya tatu hakutoroka. Kicheko kikarudi kidogo kidogo.

Mwishowe akapewa zamu tena. Akasimama imara, macho makavu. Mara: kwe, kwe, kwe. Watu mbio. Bi Mrashi akatazama mbinguni, hakuna mwewe. Akadhani Kombo amekunywa tena.

"Mwewe yuko wapi, mwanangu?"

Kombo akaonyesha chini. Kule bondeni Kidundu, kitinda mimba wa Mama Ngiri, mkia juu kama bendera, alikuwa anatembea peke yake kuelekea kwa Nyegere. Na kibuyu kilikwisha inamishwa.

Wakateremka wote. Ngiri, nguchiro, hondohondo, wote wanaita: Kidundu, Kidundu, Kidundu. Mtoto akasimama, akageuka, akarudi. Nyegere akautazama umati ule, akaziba kibuyu chake. Wiki hiyo alihama, na nasikia siku hizi anakunywa peke yake.

Bi Mrashi akalia pale pale mbele za watu. Wala hakusema ni mafua.

Basi sikieni, wakubwa kwa wadogo. Wa jirani akipotea, usiseme si wangu. Wako akipotea, usimfiche, waambie jirani mkeshe pamoja. Na mchana muwe macho, muwaite watoto kwa majina kabla mwingine hajawaita.

Hadithi yangu imeishia hapo, juu ya kichuguu. Na mwenye mafua kweli, apige chafya tumsikie.